Zana ya ushirikiano mtandaoni kwa walimu: ni nini hasa, na unaichaguaje

Muulize mwalimu yeyote "nyie kwenye mafunzo kazini mnashirikiana vipi onlaini" na jibu unalijua, "tuna grupu". Basi, imeisha. Grupu la WhatsApp lina watu mia na kitu, asubuhi ni salamu, mchana kuna PDF ya mtaala imetumwa kwa mara ya nne, jioni anaibuka mtu anauliza "jamani nani ana ile PDF ya mtaala". Sina ubaya na grupu, nami nimo kwenye mengi tu, ila kule ni kutumiana sio kushirikiana, na hii tofauti inabidi uielewe kabla hujaanza kujaza simu ya watu maprogramu mapya.

Zana ya ushirikiano ni programu au tovuti ambayo watu wawili au zaidi wanashika kazi moja kwa pamoja. Kuna kitu kimoja, sema andalio la somo au maswali ya mtihani au video ya kipindi, kila aliyeruhusiwa anaweza kukigusa, akaongeza, akafuta, akaandika pembeni "hapa sikubaliani", na kitu kinabaki kilekile mahali palepale. Kutumiana ni pale mimi nakupa nakala, unarekebisha ya kwako, mwenzetu naye anarekebisha ya kwake, halafu tunajikuta na maandalio matatu ya somo moja na hakuna anayejua lipi ndo lenyewe.

Ngoja tulitazame kwa karibu. Walimu watatu wa hesabu wanaandaa somo la kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Wa kwanza kaandika kwenye Google Docs: hatua ya kwanza, tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, ni 6. Wa pili yuko shule nyingine kabisa, anaweka komenti pembeni ya mstari ule: "wangu ukiwapa 1/2 + 1/3 wanajibu 2/5, wanajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini". Wa tatu anaingia usiku watoto wake wakishalala, anajibu hapohapo chini ya komenti: "tusianze na KDS, tuwaulize kwanza kati ya 2/5 na 1/2 ipi kubwa". Na kweli bwana, 2/5 ni ndogo kuliko nusu, sasa imekuwaje ulikuwa na nusu, ukaongezewa, halafu ukabaki na pungufu ya nusu? Mwanafunzi mwenyewe anashtuka kabla hujamsahihisha. Basi andalio linapanguliwa, lile swali linapanda juu, KDS inashuka chini. Mwakani mwalimu mgeni akilifungua anakuta somo limeshanyooka, na akiingia kwenye historia ya matoleo anaona lilikuwaje mwanzo, nani alibadilisha nini na lini.

Mazungumzo hayohayo yangefanyika kwenye grupu, kufikia asubuhi yangekuwa yamefukiwa na "hongera mwalimu" thelathini na stika za maua.

Hili la walimu kujifunza wao kwa wao wala halikuletwa na intaneti. Wajapani wana utaratibu wao wa siku nyingi, jugyō kenkyū, ambapo walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja anaenda kulifundisha, wengine wamesimama nyuma ya darasa wanatazama wanafunzi wanavyofikiri (wanafunzi, sio mwalimu, hapo wengi tunapakosea), kisha wanakaa chini na kulirekebisha. Na mwaka 1991 watafiti wawili wa namna watu wanavyojifunza, Jean Lave na Etienne Wenger, waliandika kwamba mtu anajifunza kazi kwa kuingia kwenye jamii ya wanaoifanya, anaanzia pembeni kwa vitu vidogo, taratibu anasogea katikati. Ukilichukua hilo ulipeleke kwenye mafunzo ya walimu unaelewa kwa nini yule mwalimu ambaye haandiki chochote, anasoma tu kila siku, naye yuko kazini. Yuko pembeni, anajifunza. Zana zinazotangaza "walioshiriki zaidi wiki hii" mimi huwa zinanikera, maana zinamfukuza huyo kabla hajasogea.

Sasa kuchagua. Kosa kubwa ni kuanza na jina, mtu kasikia Teams, au kaona wenzake wako Padlet, anataka na yeye. Anza na kitenzi. Sisi walimu tunataka tufanye nini pamoja? Tuandae, tutazame, tujadili, tutunze, kila kitenzi kina zana yake. Kuandaa kunataka faili la pamoja kama nilivyoonesha pale juu. Kutazama kipindi cha mwenzako kunataka sehemu ya kuweka video ambapo unaweza kusema "dakika ya 12, hapa ulimjibu haraka mno" na mwenzako akapaona hapohapo. Kujadili ndo kwenye Zoom na wenzake, japo ukitumia Zoom ya bure kikao kinakatika dakika ya 40, na kama mnazijua salamu zetu basi mmeshaelewa tatizo liko wapi. Kutunza kunataka wiki, na sio wiki ya siku saba, hili ni neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, alilichukua Ward Cunningham mwaka 1995 akaipa tovuti ambayo kila msomaji anaweza kuihariri. Kuna pia majukwaa ya kozi kama Moodle, lipo tangu 2002 na ni la bure kwa maana ya programu yenyewe, ila linataka seva na mtu wa kulihudumia, kama mko walimu sita achaneni nalo.

Kitu kingine watu wanakiruka ni muda. Kuna zana zinataka wote muwepo saa ileile na kuna zana ambazo kila mtu anaingia kwa nafasi yake. Wanaopanga mafunzo wanapenda za kwanza kwa sababu zinaonekana kama mafunzo, kuna sura za watu, kuna slaidi, kuna orodha ya mahudhurio. Lakini siku ya mwalimu ilivyo, vipindi, madaftari ya kusahihisha, nyumbani nako kuna kazi zake, ile ya pili ndo inayobeba mzigo. Mimi ningesema laivu mara moja moja ili watu wafahamiane sura na sauti, maana ni ngumu kumwambia mtu usiyemjua kwamba somo lake limeboa, halafu kazi yote iliyobaki iwe ya kila mtu kwa muda wake. Na hiyo ya pili inakula bando kidogo, video ya saa nzima na komenti ya mistari miwili havifanani hata kidogo.

Halafu nani mwenye akaunti? Swali dogo ila limeumiza watu. Mimi nimewahi kuwa kwenye kikundi ambapo maandalio yote ya miaka miwili yalikuwa ndani ya akaunti ya kazi ya mwalimu mmoja, akahama, akaunti ikafutwa, maandalio nayo yakaondoka. Hakuna aliyekosea kwa makusudi, ni kwamba hatukuwahi kuuliza. Kama taasisi yenu ina hifadhi ya pamoja ambayo faili ni mali ya kikundi na sio ya mtu, wekeni huko, kama haina basi wawe watu wawili watatu wenye nakala kamili.

Na zana zenyewe zinakufa. Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Wikispaces, ambayo walimu wengi duniani walijenga kurasa zao humo, ilianza kufungwa 2018. Edmodo ilizimwa Septemba 2022. Jamboard ya Google, ule ubao wa kubandika vikaratasi vya rangi, ukazimwa mwisho wa 2024, na Skype ikafuata Mei 2025. Zote hizi zilikuwa za makampuni yenye pesa, kwa hiyo ukubwa wa jina sio kinga. Kabla hamjahamia popote tafuteni kile kitufe cha kupakua kila kitu, mkibonyeze siku ya kwanza mkiwa na faili moja tu la majaribio, mwone kinachotoka ni faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote au ni kitu cha ajabu kinachosomeka humohumo tu. Kikiwa cha ajabu, mjue mmepanga nyumba ambayo siku ya kuhama vyombo vinabaki.

Kuhusu usiri niseme kidogo tu: walimu wakishirikiana kweli watapigiana picha madaftari ya wanafunzi, na ndo inavyotakiwa, ila jina la mwanafunzi lifunikwe kabla picha haijapanda, na linki isiwe ya "yeyote mwenye linki anaona". Pia amueni mapema kama mkuu wa shule yumo au hayumo, maana bosi akiwemo kila somo litakuwa lilienda vizuri sana.

Mkishabaki na zana mbili msipige kura. Mchukueni mwalimu mwenye simu ya zamani kuliko wote, yule ambaye hifadhi yake imejaa picha za harusi, mtumieni linki bila maelezo yoyote na mwambieni aweke komenti moja. Akiweza kupitia brauza bila kupakua kitu na bila kuulizwa namba ya kadi, anzeni kesho. Akipiga simu mara tatu kuuliza "nabonyeza wapi", iacheni hiyo mjaribu nyingine, hata kama nyie wenye laptopu mmeshaipenda.