Uso Usio na Taya: Kuzisoma Nakshi za Ngao za Sherehe za Vietnam

Kila ninapoletewa ngao kongwe ya sherehe kutoka Vietnam, kwanza hulitafuta taya la chini la ule uso wa kutisha uliochongwa katikati. Wauzaji wengi huuita uso wa chuimilia, na pengine ni kweli, hasa pale kipajini panapoonekana herufi ya Kichina yenye maana ya "mfalme", ambayo wachongaji huipata katika milia ya mnyama huyo. Lakini ikiwa macho yametokeza, taya la chini halipo, na kinywani mna duara la mwezi au herufi ya maisha marefu, basi huo ni hổ phù, ingawa kwa Kivietnamu neno hổ lenyewe ndilo "chuimilia", na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Hổ phù huhusishwa na Rahu wa masimulizi ya Kihindi, aliyeiba kinywaji cha kutokufa akakatwa kichwa kabla kinywaji hicho hakijapita kooni. Kichwa kikabaki hai, na hadi leo husemwa kwamba huumeza mwezi uliomfichua, kwa kisasi, nao hutokea tena shingoni kwa kuwa hana tumbo. Uso huohuo hulinda mapaa ya mahekalu na migongo ya viti vya ibada, kwa hiyo kuuona kwenye ngao ya maandamano si ajabu. Ngao ya vita ilisukwa kwa henzerani. Hii ya mbao, iliyopakwa utomvu mwekundu na kufunikwa dhahabu, haikukusudiwa kuzuia pigo.

Majoka nayahesabu kucha, kwa kuwa katika utawala wa Nguyễn (1802–1945) kucha tano zilikuwa za mfalme, ila sikubali kuiita ngao "ya kifalme" kwa hesabu hiyo pekee. Popo wa ukingoni ni fumbo la sauti: kwa Kichina jina lake hulingana na neno "baraka", ilhali Mvietnamu humwita dơi, na fumbo likabaki kwa wasomi wa herufi za Kichina.

Mwisho hutazama dhahabu. Karatasi zake nyembamba, kama zile zinazofuliwa katika kijiji cha Kiêu Kỵ karibu na Hanoi, huchakaa kwanza puani na kwenye nyusi, wekundu ukachungulia, huku mifereji ya nakshi ikibaki inang'aa. Nikikuta pua inang'aa kuliko mifereji, huuliza ni nani aliyeipaka upya.