Kupigiana piano: maana ya kikao cha wapiga piano wa ridhaa

Chukua kitenzi "kupiga". Mtu akiwa peke yake chumbani, mlango umefungwa, anapiga piano. Akimwita mama yake aje asikilize, anampigia. Mama naye akikaa kwenye kiti kilekile akapiga kipande chake huku mwana akisikiliza, wamepigiana. Silabi hizo ndogo zilizoingia kwenye neno ndizo zinazobeba dhana nzima ninayotaka kuieleza: watu wanaopiga piano kwa mapenzi, si kwa kazi, hukutana kila wiki au kila mwezi mahali penye piano moja, na kila mmoja hupiga kidogo wengine wakimsikiliza, mpaka zamu iwazunguke wote. Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini jambo hili ni la kawaida, na huitwa kwa majina tofauti. Mimi nitaliita kikao, kwa sababu watu hukaa.

Neno lingine la kufafanua ni ridhaa. Wasomaji wa kurasa za michezo wanalijua: kuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo, bila kutumwa wala kuahidiwa ujira. Wafaransa, ambao neno lao "amateur" limeenea Ulaya nzima, walilitoa kwenye Kilatini cha kupenda, kwa hiyo kwao mtu huyu ni mpenzi wa jambo. Hakuna katika maneno hayo mawili lililosema kwamba mtu huyo hajui. Kwenye kikao utamkuta aliyeanza mwaka jana akiwa na miaka hamsini, na pembeni yake daktari aliyemaliza chuo cha muziki kabla ya kuhamia udaktari. Condoleezza Rice, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2005 hadi 2009, aliingia chuo kikuu akitaka kuwa mpiga piano, akabadili njia. Hata akiwa na wadhifa huo hakuacha kukutana nyumbani kwake Washington na wenzake wachache wa ala za nyuzi, wote watu wenye kazi nyingine, wakapiga pamoja. Hiyo ndiyo ridhaa.

Sasa kikao chenyewe. Mara nyingi hufanyika sebuleni kwa mwanachama mwenye piano nzuri na majirani wavumilivu. Vingine hukodi ukumbi wa kanisa, au huingia kwenye duka la piano baada ya saa za kazi, mwenye duka akiridhia. Watu huwa wachache, pengine wanane, pengine kumi na tano. Mtu mmoja ana orodha ya majina, na kila jina lina dakika tano hadi kumi. Anayeitwa hutaja kipande na mtunzi, akakaa, akarekebisha kimo cha kiti (usiharakishe hapo, ndipo pumzi inapopatikana), akapiga. Kusoma nota kunaruhusiwa, na jirani anaweza kusimama kando kumgeuzia kurasa. Akipotea anaweza kusimama, akarudi mwanzo wa mstari, akaendelea. Kisha makofi, na jina linalofuata. Mwishoni kuna chai.

Kanuni ni chache, na ile ninayoiona kubwa kuliko zote ni kwamba hakuna anayekosoa asipoombwa. Mwalimu ana ruhusa ya kusahihisha kwa sababu umemlipa afanye hivyo. Mwenzako wa kikao hana. Yeye ni wa kusikiliza, na baada ya dakika chache yeye ndiye atakayekaa pale ulipotoka. Hapa ndipo kikao kinapoachana na onyesho. Kwenye onyesho kuna pande mbili, jukwaa na viti, na waliokaa vitini wamenunua haki ya kuhukumu. Kwenye kikao kila msikilizaji ana vidole vinavyosubiri zamu, kwa hiyo anasikiliza kwa namna nyingine. Anajua ukurasa wa tatu una mruko mgumu wa mkono wa kushoto. Anakutakia uuvuke.

Kwa nini piano hasa? Mwimbaji ana kwaya. Mpiga tarumbeta ana bendi. Okestra kubwa huwa na wapiga fidla zaidi ya ishirini, lakini mpiga piano ni mmoja, tena kwa tungo nyingi hahitajiki kabisa. Ala yenyewe inajitosheleza: mkono wa kushoto unashika besi, wa kulia unaimba, na sauti za kati zinagawanywa baina ya mikono yote miwili. Utajiri huo una gharama yake. Mtu anaweza kupiga piano miaka ishirini bila kusikiwa na yeyote isipokuwa jirani wa ukuta wa pili. Tena piano haibebeki. Mpiga gitaa huenda na gitaa lake, analijua kama anavyojua viatu vyake. Mpiga piano hukabidhiwa piano ya mwenyeji: vibonyezo ni vizito kuliko vya kwake, au vyepesi mno, pedali inashika mapema, sauti za juu zinalia kwa ukali. Asiyetoka kwake hajawahi kujifunza kuisoma piano ngeni kwa sekunde chache, na hilo ni sehemu ya ufundi.

Halafu kuna woga. Mbele ya watu mwili hujiandaa kana kwamba hatari imeingia mlangoni. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli mikubwa, vidole hubaki baridi na viganja vinatoa jasho. Mguu ulio juu ya pedali hutetemeka. Kipande huanza kwa kasi kuliko nyumbani, na kasi hiyo inafichua kila mahali palipofanyiwa mazoezi nusunusu. Kilicho kibaya zaidi ni kumbukumbu: vidole vilivyozoea kwenda vyenyewe vinaanza kuulizwa maswali na akili iliyoshtuka, na vikiulizwa vinasahau. Wala si wanafunzi tu. Glenn Gould wa Kanada, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, aliacha kabisa maonyesho ya hadhara mwaka 1964 akiwa na miaka 31, akajifungia studio kurekodi. Hakupenda jukwaa.

Mimi nilianzia kwenye kinanda cha kanisani, ambako sauti za waumini hufunika mengi. Nilipopiga mara ya kwanza sebuleni mbele ya watu kumi na mmoja, nilikutana na kimya nisichokijua. Nikapotea ukurasa wa pili. Nilinyanyua mikono, na mzee aliyekuwa ananigeuzia kurasa akaweka kidole kwenye nota niliyoiacha, akasema kwa sauti ya chini, "Endelea." Nikaendelea. Mwezi uliofuata nilirudi na kipande kilekile, na woga ulikuwepo, ila mdogo. Kikao hakiuondoi woga kwa mawaidha. Kinauchosha kwa kurudia.

Dhana hii ina mababu, ingawa si wote waliofanana nayo barabara. Piano yenyewe ilitengenezwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence karibu na mwaka 1700, lakini ilichukua miaka mia moja kuingia kwenye nyumba za watu wa kati. Vienna ya miaka ya 1820 ilikuwa imejaa piano na imejaa polisi. Serikali ya Austria, chini ya mkono wa mwanasiasa Metternich, ilishuku kila mkusanyiko, na mtunzi Franz Schubert mwenyewe alikamatwa kwa muda mfupi mwaka 1820 pamoja na rafiki yake mshairi, Johann Senn, aliyeishia kufungwa na kufukuzwa mjini. Watu walikusanyikia majumbani. Kuanzia mwaka 1821 marafiki wa Schubert, maofisa wa serikali, wachoraji na washairi, walikuwa na jioni zilizopewa jina lake: yeye akipiga piano, wengine wakiimba, baadaye chakula na dansi. Zilikuwa jioni za mtu mmoja na marafiki zake, kwa hiyo naziita binamu wa kikao.

Berlin ndiko moyo wangu unakokwenda zaidi. Fanny Mendelssohn alikuwa na kipaji kilichowashangaza waliomsikia, sawa na mdogo wake Felix. Mwaka 1820, binti akiwa na miaka 14, baba yao alimwandikia kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, lakini kwake unaweza na unapaswa kuwa pambo tu. Hakuruhusiwa jukwaa. Basi alilileta jukwaa nyumbani. Kuanzia mwaka 1831, akiwa ameolewa na mchoraji Wilhelm Hensel, aliendesha muziki wa Jumapili nyumbani kwao, akipiga, akiongoza kwaya, akachanganya wa ridhaa na mabingwa waliopita mjini. Alitunga zaidi ya tungo 450, nyingi zikisikika kwanza katika kuta hizo. Tarehe 14 Mei 1847, akifanya mazoezi ya Jumapili iliyokuwa inakuja, mikono yake ilikufa ganzi juu ya vibonyezo. Alifariki usiku huohuo, akiwa na miaka 41. Nikisikia mtu akisema muziki wa sebuleni ni wa kupitisha wakati, namkumbuka yeye.

Wanawake ndio walioibeba dhana hii baadaye pia. Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, klabu za muziki za wanawake zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka 1898 ziliunda shirikisho la kitaifa. Wanachama walipigiana na kuimbiana, na klabu nyingi ziliwaalika mabingwa na kuwalipa. Kisha zikaja santuri, na katika miaka ya 1920 redio. Nyumba iliyohitaji mtu wa kupiga ili muziki uwepo sasa ilihitaji kifaa tu. Watu wa leo husahau kwamba kabla ya hapo, aliyeishi mbali na okestra na akataka kuijua simfoni ya Beethoven, mara nyingi aliijua kwa kukaa na mwenzake kwenye piano moja, mikono minne, wakisoma nota zilizopangwa upya kwa kazi hiyo.

Mikono minne bado ina nafasi kwenye vikao vya leo, na ningeshauri kila kikao kiipe nafasi. Schubert aliandika Fantasia yake ya mikono minne mwaka 1828, mwaka aliokufa, na humo wapigaji wawili wanakaa karibu kiasi cha viwiko kugusana. Anayeogopa kukaa peke yake hukaa na mwenzake.

Watu huchanganya kikao na mashindano. Yapo mashindano makubwa ya wapiga piano wa ridhaa: Paris tangu mwaka 1989, na Fort Worth, Texas, tangu 1999. Wanaoingia huko hufanya mazoezi makali, wengine kabla ya kwenda kazini alfajiri. Nayaheshimu. Lakini majaji wakiingia, yule wa miaka hamsini aliyeanza mwaka jana hana mahali, na kikao kimekuwepo kwa ajili yake kama kwa ajili ya daktari. Pia si darasa, ingawa watu hujifunza, hasa kwa kusikia kipande wanachokijua kikipigwa na mkono mwingine kwa mwendo ambao hawakuufikiria.

Korona ilipofunga milango mwaka 2020, vikao vingi vilihamia kwenye simu za video. Kwaya na bendi zilishindwa, kwa kuwa sauti huchelewa njiani na watu hawawezi kwenda pamoja. Kupigiana kuliwezekana, maana anayepiga ni mmoja kwa wakati. Tatizo lilikuwa programu zenyewe, zilizotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo: nota ndefu inayofifia zilidhani ni kelele, zikaikata.

Pwani yetu hatuhitaji kufundishwa udugu wa muziki. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja, ilianzishwa mwaka 1905, kwa jina la Kiarabu linalotaja udugu na usafi, ikawa mahali pa watu kukutana baada ya shughuli za mchana. Tofauti ni kwamba taarabu hupigwa kwa pamoja. Ukitaka mfano wetu ulio karibu zaidi na kikao cha piano, nenda kwa washairi: mmoja husoma, wengine hutega sikio, kisha mwingine husoma lake. Wanasomeana. Kizuizi kwetu ni ala zaidi kuliko wazo. Unyevu wa pwani huvimbisha mbao, hushikisha kutu kwenye nyuzi, na fundi wa kuirekebisha piano hapatikani kila mji. Nairobi, yenye hewa baridi na chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1944, ina unafuu. Lakini piano ya umeme yenye vibonyezo 88 vilivyotiwa uzito inatosha kabisa kwa kikao. Inahitaji stima, kiti, na mtu wa kuandika orodha.

Mgeni akija mara ya kwanza, desturi ya vikao vingi ni kumwacha asikilize tu. Jina lake haliandikwi. Chai ikishanywewa na watu wakianza kuvaa makoti, mara nyingi huonekana amesimama karibu na piano, akibonyeza kibonyezo kimoja taratibu ili asikie uzito wake. Mwenye orodha humwachia nafasi kwa mwezi ujao.