Ukisimamisha Sauti, Alama Ibaki Wapi?

Vijana wanaoanza kazi ya kuhariri masimulizi na vipindi vya redio huniuliza swali moja kuliko mengine yote, nalo halihusu maikrofoni wala namna ya kuondoa mvumo wa feni. Mmoja hulalamika kwamba kila anaposimamisha sauti programu humrudisha alikoanzia. Mwenzake, anayetumia programu nyingine, hulalamika kwamba akisimamisha sauti harudishwi. Ni swali lilelile, inategemea tu umeketi upande gani wa meza: ukisimamisha sauti, urudi ulikoanzia au ubaki ulipofika?

Ili kuielewa, ni lazima kwanza tutenganishe alama mbili ambazo kwenye kioo zinafanana sana. Ya kwanza ni alama ya kuhariri, yaani mstari unaosimama pale ulipobofya kwa mausi, na ambao programu huutumia kujua ikate wapi, ibandike wapi au ianze kucheza kutoka wapi. Ya pili ni mstari wa uchezaji, unaotembea sauti inapotoka. Sauti ikiwa inacheza, mistari hii huwa imeachana. Unapobonyeza kusimamisha, mmoja lazima umfuate mwenzake: ama ule wa uchezaji unarudi ilipo alama ya kuhariri, ama alama ya kuhariri inaletwa pale sauti ilipokatika.

Mashine za mkanda hazikuwa na mtihani huu. Kichwa cha kusomea hakihami, na mkanda ukisimama, hapo ndipo ulipo. Aliyetaka kurudi alirudisha nyuma huku jicho likiwa kwenye kihesabio, ingawa baadhi ya deki za kaseti zilikuwa na kitufe cha kumbukumbu kilichosimamisha mkanda chenyewe tarakimu zilipofika 000. Waliojifunza kazi enzi hizo, nami ni mmoja wao, waliingia kwenye kompyuta wakidhani kusimama ni kusimama tu.

Nichukue Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo wengi huanza nayo. Ukibonyeza spesi, sauti inacheza. Ukiibonyeza tena, inasimama na kurudi ilipoanzia. Ukitaka ibaki ulipoisimamisha, tumia herufi X badala ya spesi, amri ambayo kwenye menyu imeandikwa "Play/Stop and Set Cursor". Hakuna haja ya kuingia kwenye mipangilio. Watu wengi huikosa X na badala yake hutumia P, ambayo husitisha sauti kwa muda, lakini kusitisha si kusimamisha: programu bado inajihesabu kuwa iko katikati ya kucheza, na katika matoleo ya zamani amri nyingi za kuhariri zilikuwa zimefifia, hazibofyeki, mpaka usimamishe kabisa. Nimewahi kuitwa na mtu aliyeamini kompyuta yake ina virusi, kumbe alikuwa amebonyeza P.

Mwanafunzi akishaijua X, huiona kama ukombozi, na hapo ndipo huanza kukosea. Chukua msomaji anayesoma "walipoondoka", na mdomo wake ukatoa mlio mdogo wa mate kabla ya "po". Wewe unasikiliza, unausikia mlio, unabonyeza X. Sikio limesikia, ubongo umeamua, kidole kimeshuka, na muda huo wote, ambao ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde, sauti imeendelea kutembea. Alama inatua kwenye "ndo". Kuna pia ucheleweshaji wa kadi ya sauti yenyewe, japo huo ni mdogo: bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa, ya sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni takriban milisekunde 12 tu. Kinachochelewa ni kidole. Mahali uliposimamisha huwa siku zote ni baada ya kosa, kamwe si penye kosa, kwa hiyo alama iliyobaki pale inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba.

Ndiyo maana sipendi kuiona tabia ya kurudi ikisemwa kama kero. Unapohariri kiungo kati ya maneno mawili, unahitaji kukisikia mara nne au tano ukiwa umetoka mahali palepale, kwa sababu pumzi na mwendo wa sentensi iliyotangulia ndivyo vinavyoliambia sikio kama kiungo kimekaa sawa. Ukianza kila mara kutoka sehemu tofauti, unalinganisha vitu visivyolingana. Kwa kazi hiyo, spesi inayorudi ndiyo rafiki. X niiachie kazi ya kusikiliza kurasa kumi mfululizo, ambapo nataka kusimama, kuandika jambo kwenye karatasi, kisha kuendelea bila kurudia nilichokwisha kusikia.

Kuna njia ya tatu isiyotumia kusimamisha hata kidogo, nayo naipenda kuliko zote. Sauti ikiwa inacheza, bonyeza mabano mraba ya kufungulia, na Audacity itaweka mwanzo wa eneo lililochaguliwa pale sauti ilipo wakati huo. Bonyeza ya kufungia, nayo itaweka mwisho. Kisha rekebisha kingo kwa mausi, ukikumbuka kwamba kidole kimechelewa, na ubonyeze C, ambayo hukuchezea sekunde mbili za kabla na sekunde moja ya baada huku ikiliruka eneo ulilochagua, ili usikie mkato utakavyokuwa kabla hujakata.

Kwenye kurekodi suala hili huwa na gharama zaidi. Katika Reaper, programu nyingine ya kurekodi na kuhariri, rekodi huanzia ilipo alama ya kuhariri, na kuna chaguo linaloamua kama alama hiyo ihamie mwisho wa kilichorekodiwa pindi unaposimamisha. Usiku mmoja nilikuta chaguo hilo limezimwa kwenye kompyuta ninayoshirikiana na wenzangu, na sikuligundua. Msomaji alisoma aya ya kwanza, nikasimamisha, akanywa maji, nikarekodi ya pili, kisha ya tatu, nami nikimtazama yeye wala si kioo. Aya zote tatu zilikuwa zimelaliana mahali pamoja. Kwa bahati Reaper katika hali yake ya kawaida haifuti cha zamani, bali hukihifadhi kama teki nyingine, yaani jaribio jingine la kurekodi mahali palepale, chini ya kipya, kwa hiyo niliweza kuzitenganisha na kuzipanga moja baada ya nyingine.

Pro Tools, nayo programu ya aina hiyo, hulishughulikia jambo hili kwa swichi moja, "Insertion Follows Playback", ambayo huwashwa na kuzimwa kwa herufi N ikiwa kibodi iko katika hali ya amri za herufi mojamoja. Ardour ina kitufe cha "Auto Return" kinachoonekana wazi juu ya dirisha. Swichi zinafanya kazi, lakini mimi sizipendi, kwa sababu hukulazimu kukumbuka uliiacha vipi jana, na anayekaa kwenye kiti baada yako hakumbuki chochote. Vitufe viwili ni bora: nia iko kwenye kidole, haiko kwenye mipangilio.

Katika Reaper spesi hurudi na Ctrl pamoja na spesi husitisha. Amri ya kusimama na kubaki nayo ipo: fungua orodha ya vitendo kwa kubonyeza alama ya kuuliza, tafuta "Play/stop (move edit cursor on stop)", uipe herufi X, nayo programu itakuonya kama herufi hiyo ina kazi nyingine. Mimi nimeipa X kwenye kila kompyuta ninayoigusa, ili kidole kilichozoea Audacity kisilazimike kujifunza upya.