Tundu la chaji limekufa: maana yake nini, na kulitengeneza ni kufanya nini

Tundu la chaji ni ule mdomo mdogo ukingoni mwa kishikwambi ambamo huchomekwa waya wa umeme. Ukimulika ndani kwa tochi ya simu, katika matundu mengi utaona kipande chembamba kilichosimama katikati. Wengi hukiita ulimi. Juu ya ulimi ndipo zilipo pini, vijipande vya shaba vilivyochovywa dhahabu nyembamba sana ili visishike kutu. Kuzunguka ulimi pana gamba la chuma, na gamba hilo lina vijiguu vilivyolehemiwa kwenye bodi, kile kibao cha saketi kilicho ndani ya kifaa. Pini zinapitisha umeme; gamba linabeba nguvu ya mkono wako unapochomeka na kuchomoa. Kazi hizo mbili zina magonjwa yake mbalimbali, na ndiyo sababu maneno "tundu limekufa" hayatoshi kumwambia fundi afanye nini.

Vishikwambi vya Android vya zamani vina micro-USB, yenye pini 5, na waya unaingia kwa upande mmoja tu. Vya sasa vina USB-C, iliyotoka 2014, yenye pini 24, na waya unaingia juu au chini. iPad zilikaa miaka mingi na Lightning, ambayo Apple iliileta 2012, kisha nazo zikahamia USB-C. Umoja wa Ulaya umeifanya USB-C kuwa lazima kwa simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko tangu 28 Desemba 2024.

Pita Usita wa Mui, njia kuu ya mji hapa Lamu, mchana wowote, vibanda vya mafundi wa simu havikosi mteja wa namna hii: mama kashika kishikwambi cha mwanawe cha masomo. "Fundi, hiki tundu lishakufa, nibadilishie." Fundi anayejua kazi hataji bei kwanza. "Haya mamangu, na waya wake uko wapi?"

Ana sababu ya kuuliza waya. Katika micro-USB na USB-C zote mbili, zile springi ndogo za kubana zimewekwa kwenye kichwa cha waya, hazikuwekwa kwenye tundu. Waliobuni walitaka kinacholegea kiwe kile cha bei nafuu. Kwa hiyo waya ukichezacheza tunduni, wa kwanza kushukiwa ni waya wenyewe. Tundu limepimwa kustahimili kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Mtu anayechaji mara mbili kwa siku angehitaji zaidi ya miaka 13 kufika hapo. Tundu haliuawi na kuchomeka, likichomekwa sawasawa.

Linauawa na kupindwa. Kishikwambi ni kizito kuliko simu, na mtoto hukisimamisha kifuani au pajani kikiwa kimechomekwa, uzito wote ukaketi juu ya kichwa cha waya. Kichwa kile kinafanya kazi ya mtaimbo: ulimi unavunjika, au vijiguu vya gamba vinang'oka kwenye bodi kidogo kidogo. Dalili yake ni ile tunayoijua sote. Kinachaji ukikiinamisha, kinakata ukikiachia, na baada ya wiki kadhaa nyumba nzima inajua ni pembe gani na kitabu gani cha kuegemezea.

Adui wa pili kwetu ni mkubwa zaidi, na nadhani watu hawamtilii maanani kwa kuwa wamemzoea. Ni chumvi. Kishikwambi kinavuka na boti kutoka Mokowe, upande wa bara, kinakaa barazani upepo wa kusi ukivuma, kinaingia mchanga wa ufuo wa Shela. Chumvi inayotua ndani ya tundu haikai kavu. Inavuta unyevu hewani na kujitengenezea utandu wa maji ya bahari juu ya ulimi. Katika USB-C pini zimepangana kwa nusu milimita tu kutoka moja hadi nyingine. Ukichomeka chaja ya volti 5 juu ya utandu huo, umeme unapita mahali usipopaswa, na pini ya upande chanya inaanza kuliwa. Dhahabu ni nyembamba, ina matundu yasiyoonekana kwa macho. Shaba iliyo chini yake ndiyo inayoyeyuka na kugeuka ule ukoga wa kijani. Tundu lililolowa bila umeme lina muda wa kuokolewa. Tundu lililolowa likachajiwa usiku kucha linaweza kuamka halina pini.

Ndiyo maana vishikwambi na simu nyingi za sasa vikihisi unyevu huonya na kukataa chaji. Onyo hilo si la kupuuzwa kwa kuzima na kuwasha. Zima kifaa, kielekeze tundu chini, kigonge taratibu kwenye kiganja, kiache penye upepo mkavu. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate. Mchele nao hauondoi chumvi, unaacha unga wake tu. Apple wenyewe wameandika katika maelekezo yao kwamba iPhone iliyolowa isitiwe ndani ya mfuko wa mchele.

Kuna dalili moja ya USB-C inayowachanganya watu: kishikwambi kinachaji waya ukiingia upande huu, ukiugeuza hakichaji. Watu husema waya una uchawi. Kati ya zile pini 24, zipo mbili, moja kila upande wa ulimi, ambazo kazi yake ni kuiarifu chaja kwamba kuna kifaa kinangoja umeme. Kutu ikila moja, upande ule unakuwa bubu. Hili ni tundu lenye ugonjwa kweli, na kugeuza waya kunakupa nafasi ya kutumia kifaa huku ukipanga safari ya kwa fundi.

Kabla ya kwenda, toa nyuzinyuzi. Mifuko ya kanzu, mabegi ya shule na mchanga hujaza kifusi nyuma ya tundu, kichwa cha waya kisifike mwisho, na hapo hakuna kilichokufa. Zima kifaa, chukua kijiti cha meno cha mti, ukwangue kuta na sakafu ya tundu pasi na kuugusa ulimi. Sindano usiitie kabisa. Ni chuma, itakwaruza ile dhahabu na inaweza kuunganisha pini mbili zisizotakiwa kukutana.

Pima na chaja pia. Betri ya kishikwambi ya milliampea-saa 7,000 hubeba kama wati-saa 26. Chaja ndogo ya simu ya zamani, volti 5 kwa ampea 1, hutoa wati 5. Hata pasipo upotevu wowote ni zaidi ya saa tano, na kioo kikiwa kinawaka asilimia zinaweza kushuka ilhali kimechomekwa. Mwenye kuchaji kwa sola huko visiwani huliona hili wingu likipita. Nimesikia watu wakiuziwa tundu jipya kwa ugonjwa wa chaja.

Fundi anayo njia ya kumaliza ubishi: kimita kidogo kinachokaa kati ya chaja na waya, chenye kuonyesha volti na ampea. Kikisoma 5.1 na 0.00, umeme umefika mlangoni haukuingia. Akitikisa waya kidogo, namba ikaruka 0.4, ikarudi 0.00, ikaruka tena, hapo ugonjwa uko kwenye mguso, na akibadilisha waya ukaendelea vilevile, ni tundu. Namba ikikaa thabiti lakini betri haijai, tundu lina afya; tatizo li ndani, kwenye betri au saketi ya chaji, na kubadilisha tundu ni kutupa pesa.

Sasa, "kutengeneza tundu" ni kazi tatu tofauti zinazobeba jina moja. Ya kwanza ni kusafisha, kwa brashi laini na spiriti yenye nguvu. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda huwa na maji mengi ndani yake, kwa hiyo haifai sana. Tena spiriti tupu haiyeyushi chumvi vizuri. Ikiwa bodi iliingia maji ya bahari, fundi makini huisuuza kwa maji yaliyokenekwa kwanza, betri ikiwa imetolewa kwenye waya wake, kisha spiriti ifuate kuyafukuza maji. Maji ya kisima hayafai, yana munyu wake.

Kazi ya pili ni ya bahati. Baadhi ya vishikwambi tundu lake limekaa kwenye bodi ndogo ya peke yake, iliyounganishwa na bodi kuu kwa utepe. Bodi ndogo ikipatikana, inafunguliwa ya zamani, inafungwa mpya, basi. Shida ni kuipata ya toleo lako hasa. Namba ya modeli iliyo nyuma ya kifaa ndiyo ya kumtumia muuzaji wa Mombasa au Nairobi.

Ya tatu ndiyo wengi wanayoifikiria: kung'oa tundu lililolehemiwa kwenye bodi kuu na kulehemu jipya. Lehemu ya viwandani siku hizi haina risasi, na huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi; yenye risasi huyeyuka 183. Fundi mzoefu hupaka flaksi, dawa ya kusaidia lehemu itiririke, huchanganya kidogo lehemu yenye risasi ili ile ngumu ilainike, kisha hupuliza hewa moto kwa bloa mpaka tundu lote lielee, alinyanyue kwa kibano bila kulivuta. Anayevuta kabla ya wakati huondoka na vidoa vya shaba vya bodi, vile ambavyo pini hukalia, vinaitwa pedi. Pedi ikitoka, inabidi kutambaza jampa, uzi wa waya mwembamba kama unywele, kutoka kwenye pini hadi njia yake ilipo ndani ya bodi. Inawezekana, ila inataka hadubini na mkono uliotulia. Na vijiguu vya gamba lazima vilehemiwe barabara, vikijaa. Tundu lililoshikwa na pini peke yake litang'oka tena mtoto akikiegemea.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, hatari kubwa ya kishikwambi haiko kwenye kulehemu. Iko kwenye kufungua. Vingi hufunguliwa kwa mbele, kioo kimegandishwa kwa gundi, kipana na chembamba, na gundi hulainishwa kwa moto kabla ya kupenyeza kadi ya plastiki. Kikipasuka, kioo kinaweza kushinda bei ya kazi yote. Betri nayo imegandishwa, na kuichokonoa kwa bisibisi kunaweza kuiwasha moto. Yafaa mkubaliane mapema kioo kikipasuka ni juu ya nani. Fundi mwungwana hakasiriki kuulizwa hivyo.

Picha na kazi za shule hazikai kwenye tundu, hivyo tundu kufa hakufuti kitu. Lakini kifaa kisipochaji huwezi kuvifikia, kwa hiyo kikianza kuchagua pembe, nakili vyako kingali na asilimia.

Siku ya kukichukua, chomeka waya wako mwenyewe pale pale kibandani. Kama ni USB-C, ugeuze uone pande zote mbili. Mwombe fundi aweke kile kimita tena, namba itulie bila kurukaruka. Kiunganishe na kompyuta yake kama ipo, maana pini za kupitishia mafaili ni nyingine na za umeme nyingine, na kuchaji peke yake hakuzithibitishi. Pitisha ukucha ukingoni mwa kioo uone gundi imeshika. Kisha omba tundu la zamani ulitazame; likiwa na ule ukoga wa kijani, muulize kama na bodi aliisuuza.