Matundu ya Perseus si matupu

Imekuwa kawaida kusoma kwamba mikondo ya galaksi za redio, yaani zile zinazotoa mawimbi makali ya redio, huichoma gesi iliyoizunguka na kuacha mashimo matupu. Hapo kuna makosa mawili, na yote yanaficha sehemu tamu kabisa ya habari.

Maana yenyewe ni fupi. Shimo jeusi lililo kitovuni mwa galaksi hurusha mikondo miwili ya chembe, kila mmoja na upande wake, kwa kasi inayokaribia ya nuru. Mikondo ikikutana na gesi iliyotanda kati ya galaksi za kundi, gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, huisukuma kando na kufanya matundu.

Sasa itazame galaksi NGC 1275, katikati ya kundi la Perseus. Katika picha za eksirei za darubini ya Chandra, matundu yake ni madoa meusi pande mbili za kitovu. Lakini weka ramani ya redio juu ya picha hiyo, na weusi wote unajaa. Mna elektroni zenye mbio na uga wa sumaku, na shinikizo lake ndilo linaloizuia gesi isirudi ndani. Tundu tupu lingekwisha kufumbwa zamani.

Kuhusu kuchoma, kingo angavu za matundu hayo ni za baridi kuliko gesi iliyo mbali nazo. Kama mkondo ungekuwa unaunguza, hapo ndipo pangekuwa na moto mkali zaidi. Gesi imesogezwa, tena kwa mwendo usiozidi sana ule wa sauti. Kisha matundu hupanda kama mapovu majini, yakiburuta gesi baridi nyuma yake, na nguvu yake huingia kwenye gesi polepole, kwa mawimbi na misukosuko. Wataalamu bado wanabishana ni njia ipi inayobeba mzigo mkubwa. Kiasi cha nguvu hiyo hukadiriwa kwa kuzidisha shinikizo la gesi kwa ujazo wa tundu, kisha mara 4, kwa kuwa ndani mna chembe za kasi kubwa. Mara nyingi jibu linatosha kuizuia gesi isipoe na kugeuka nyota kwa wingi.

Zipo galaksi zenye mshtuko kweli, yaani wimbi la shinikizo la ghafla: mikondo ya Cygnus A, galaksi nyingine ya redio, huishindilia gesi mbele yake na kuipasha. Basi ukiandika kuhusu Cygnus A, taja mshtuko. Ukiandika kuhusu Perseus, tafadhali sema gesi imesukumwa.