Kutafuta Hitilafu ya Maumbile Ndani ya Kiini cha Radiamu

Maada na antimaada, yaani maada kinyume yenye chaji zilizogeuzwa, zikikutana huangamizana. Kama ulimwengu ulianza na kiasi sawa cha kila moja, leo pangebaki mwanga mtupu, na sisi tusingekuwepo. Mwaka 1967 mwanafizikia wa Kisovieti Andrei Sakharov alionyesha kwamba ili maada ibaki, lazima ulinganifu fulani wa sheria za maumbile uvunjike. Ukiukaji wa ulinganifu huo ulioonekana hadi sasa, kuanzia ule wa chembe za kaoni mwaka 1964, ni mdogo mno kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana tunautafuta mwingine, safari hii ndani ya kiini cha atomu.

Kiini kinachozunguka kina mhimili. Tuseme chaji yake imeegemea ncha moja ya mhimili huo. Muda ukirudi nyuma, mzunguko unageuka lakini chaji inabaki palepale, kwa hiyo unapata kiini kingine kabisa. Anayegundua mwegemeo huo amegundua kwamba maumbile hutofautisha muda kwenda mbele na kurudi nyuma, yaani kwamba ulinganifu umevunjika.

Kikwazo ni elektroni, ambazo hujipanga na kuficha karibu dalili yote. Inayoponyoka huwa kubwa zaidi katika viini vizito vyenye umbo la peasi. Radiamu-225, aina mojawapo ya elementi yenye mionzi iitwayo radiamu, inahesabiwa miongoni mwao. Umbo hilo lilithibitishwa mwaka 2013 huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, kwa ndugu yake, radiamu-224. Ukiiunganisha radiamu na atomu nyingine kuwa molekuli, elektroni zake huvutwa upande mmoja kwa nguvu kuliko mtambo wowote wa maabara unavyoweza kuzivuta, na dalili hukuzwa.

Lakini radiamu-225 ni adimu, na nusu yake huoza kwa takriban siku 15. Hapo ndipo mtego wa ioni unapofaa: ioni (atomu au molekuli zenye chaji ya umeme) chache tu, zilizoshikwa na umeme ndani ya ombwe, zinatosha kuanzia kazi.

Huko Santa Barbara, Marekani, watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2021 walitumia radiamu-226, inayodumu zaidi. Ioni zilizopozwa kwa leza huonekana kwenye kamera kama nukta zinazong'aa. Ioni moja ikishaungana na kemikali nyingine kuwa molekuli, nukta yake huzimika, ila haijaondoka. Walijuaje ni molekuli gani? Walisikiliza mtikisiko wa ioni jirani zinazong'aa, kwa kuwa uzito wa ile iliyozimika huubadilisha. Kwangu mimi, huo ni ujanja wa hali ya juu.

Kupima ndiko kugumu zaidi. Kipimo kinahitaji uga wa umeme, nao uga huo huisukuma ioni nje ya mtego. Maabara ya JILA, Colorado, iliufanya uga uzunguke, ioni nazo zikawa zinazunguka bila kutoroka. Kwa ioni za hafniamu na florini, zilizopimwa kwa hadi sekunde 3 hivi, ilitangaza mwaka 2023 kikomo cha ukubwa wa mwegemeo wa chaji kilicho kikali kuliko vyote vilivyotangulia. Mwegemeo haukuonekana. Hata hivyo, kipimo hicho kilihusu mwegemeo wa chaji ya elektroni, si wa kiini. Kwa kiini, mbinu hiyo inapaswa kuhamishiwa kwenye radiamu-225 kabla haijaoza.