Soketi za kisiwa cha jikoni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Nyumba nyingi zinazojengwa siku hizi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina jiko la wazi, na katikati ya jiko hilo husimama kaunta isiyogusana na ukuta wowote, ambayo wachoraji ramani na mafundi huiita kisiwa. Hapo ndipo chapati husukumwa, blenda huwekwa, na watoto hukalia viti virefu wakingoja chai. Kwa kuwa hakuna ukuta, soketi hukosa mahali pake pa kawaida, na swali la wapi ikae huachwa hadi granaiti imekwisha kukatwa. Katika pengo hilo huingia dhana ambazo nimezisikia kwa wenye nyumba na hata kwa mafundi, na baadhi yake zinaweza kumgharimu mtu uhai.

Iliyoenea kuliko zote ni hii: "Breka ipo, hivyo hakuna atakayedhurika." Breka ya kawaida haikutengenezwa kumlinda mtu. Kazi yake ni kuulinda waya usipitishe mkondo mkubwa kuliko uwezo wake ukapata moto na kuunguza nyumba. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230 hadi 240, na mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ampea ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi mtu akafa. Kwa breka ya ampea 32, mkondo huo ni mdogo mno. Itaendelea kukaa kimya huku mtu akiwa ameng'ang'aniwa na umeme.

Kinachomlinda mtu ni kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Chenyewe hulinganisha mkondo unaokwenda kwa waya wenye moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro, na mikondo hiyo ikitofautiana kinatambua kwamba umeme unavuja kupitia njia nyingine, pengine mwili wa mtu aliyesimama peku kwenye vigae vilivyolowa. Kile kinachofaa kwa soketi za jikoni ni cha miliampea 30: uvujaji ukifika kiwango hicho kinapaswa kukata umeme ndani ya milisekunde 300, na ukifika miliampea 150 kikate ndani ya milisekunde 40. Hata hivyo, RCD haimsaidii aliyeshika waya wenye moto na wa nyutro kwa pamoja bila mkondo kwenda ardhini, wala haichukui nafasi ya waya wa ethi, yaani ule unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Pakiwa na ethi nzuri, birika lenye hitilafu huikatisha RCD mara tu umeme unapogusa bati lake. Pasipo ethi, RCD hungoja hadi mtu aliguse birika hilo. Kitufe cha majaribio kilicho juu yake huonyesha tu kama kifaa chenyewe bado kinakata. Hakipimi ethi ya nyumba, na kazi hiyo inahitaji fundi mwenye mita yake.

Dhana ya pili inahusu mahali. Watu wengi huamini kwamba soketi iliyowekwa ubavuni mwa kisiwa, chini ya ukingo wa kaunta, ndiyo salama zaidi kwa kuwa iko mbali na maji. Ni kweli kwamba maji hayaifikii kirahisi, lakini waya wa chombo kilichochomekwa pale huning'inia nje ya kaunta, katika kimo cha mkono wa mtoto anayeanza kutembea. Mtoto huvuta kila kinachoning'inia, na mwisho wa waya huo kuna birika lenye maji yanayochemka.

Marekani, ambako picha nyingi za visiwa vya namna hiyo hutoka, wamelitazama upya jambo hili. Toleo la mwaka 2020 la kanuni zao za umeme, NEC, lilihesabu idadi ya soketi zinazotakiwa kwa kufuata ukubwa wa kaunta ya kisiwa. Toleo la mwaka 2023 liliondoa ulazima wa kuweka soketi kwenye kisiwa na halikuruhusu tena zile zilizo chini ya uso wa kaunta, huku likitaka kwamba asiyeweka soketi aache maandalizi ya kuiweka baadaye. Kanuni hizo hazitubani sisi, kwani mifumo yetu imefuata ule wa Uingereza, ila hatari iliyozisukuma haina mipaka. Kwa maoni yangu, soketi ya ubavuni iachiwe chaja ya simu na kompyuta tu, na nyumba yenye watoto wadogo isiwe nayo kabisa.

Wanaoikubali hoja hiyo hukimbilia soketi inayochomoza juu ya kaunta inapobonyezwa, kisha husema: "Hii haiingii maji." Hapa inafaa kusoma alama iliyoandikwa kwenye kifaa. Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili, ya kwanza ikieleza kinga dhidi ya vitu vigumu na vumbi, ya pili kinga dhidi ya maji. IP44, kwa mfano, maana yake ni kwamba maji yanayorushwa kutoka upande wowote hayataleta madhara. Lakini maji ya sufuria iliyopinduka hayarushwi. Hutiririka na kutuama, na kwenye granaiti iliyolala sawasawa hukimbilia tundu lililo karibu. Zaidi ya hayo, kinga inayotangazwa mara nyingi ni ya soketi ikiwa imefungwa. Ikiwa imechomoza na plagi iko ndani, kinga hiyo huenda haipo tena, kwa hiyo mwulize muuzaji akuonyeshe maelezo ya hali zote mbili. Chagua yenye ukingo ulioinuka na mpira wa kuzuia maji chini ya ukingo huo, na kama kisiwa kina sinki, iwe mbali nalo. Mwongozo wa Uingereza hutaja angalau milimita 300 za mlalo kutoka ukingo wa sinki; mwenye nafasi aongeze.

Soketi hizo za kuchomoza nyingi huja na matundu ya "kila plagi". Muuzaji huyasifu, nami ningeyakataa. Tundu linalotaka kupokea kila umbo haliibani barabara plagi yetu ya pini tatu bapa, na mgusano uliolegea huzaa joto. Kiwango cha BS 1363, kilichotolewa Uingereza mwaka 1947, kiliweka pini ya ethi iwe ndefu kuliko nyingine ili, katika soketi nyingi za aina hiyo, ifungue vizuizi vinavyoziba matundu yenye umeme. Vizuizi hivyo ndivyo kinga ya mtoto. Vile vizibo vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili ya watoto vinaweza kuvifungua vizuizi hivyo au kuiharibu soketi, na mwaka 2016 Idara ya Afya ya Uingereza ilitoa tahadhari dhidi ya kuvitumia katika majengo ya huduma za afya na ustawi wa jamii.

"Ekstensheni itatosha" ni dhana ya hesabu mbaya. Birika la wati 3,000 peke yake huvuta ampea 13 hivi. Ongeza kikaango cha hewa cha wati 1,500 na mzigo unakaribia ampea 20, ilhali fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa mzigo huo. Huweza kuuvumilia kwa muda mrefu huku plagi ikiungua taratibu. Jiko la umeme la wati 7,000 lililozamishwa kwenye kaunta halihusiani na soketi yoyote: huvuta takribani ampea 30 na linahitaji waya wake, breka yake na swichi yake ya kuzimia.

Yote haya huamuliwa kabla ya sakafu kumwagwa. Anayesema waya zitapitishwa baadaye hujikuta anachimba vigae au anatandaza waya sakafuni, mahali watu wanapopita na sufuria mikononi. Lazeni mabomba mawili kutoka ukutani hadi kisiwani, moja la soketi na jingine la jiko, hata kama jiko halijanunuliwa. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulio wa njia moja, yaani usiozunguka na kurudi kwenye breka kama pete, kwa kawaida hulindwa kwa breka ya ampea 20, si 32. Kabla zege halijamwagwa, piga picha ya mabomba hayo ukiwa umelaza futi ya kupimia kando yake, kwa sababu fundi seremala atakayetoboa sakafu ili kukaza kabati la kisiwa huenda hakuwapo siku yalipolazwa.